Bia ya Nyumbani Imekwenda Kombo? Anza na Joto la Ndoo

Anayepika bia ya shayiri nyumbani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huhangaika na joto karibu mwaka mzima. Anayepika Njombe, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai ana shida iliyo kinyume kabisa. Wote wawili hununua pakiti ileile ya hamira, yenye maelekezo yaleyale, kisha wanashangaa kwa nini bia zao hazifanani. Hapa nitaanza na dalili unayoiona, unayoinusa au unayoionja, halafu turudi nyuma pamoja hadi kwenye chanzo. Nyuzi zote ni za Selsiasi. Mfano wangu ni ndoo ya lita 20 ya bia ya kawaida: uzito wa awali (uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji, ambao ni 1.000) 1.050, uzito wa mwisho karibu 1.010, yaani kilevi cha asilimia 5 na ushei.

Kwanza kabisa: unapima joto la nini?

Mtu akiniuliza kuhusu bia iliyomharibikia, mara nyingi hunitajia joto la chumba. Chumba hakichachushi kitu. Hamira imo ndani ya ndoo, na ikila sukari hutoa joto lake yenyewe. Katika mfano wetu, joto linalotolewa tangu mwanzo hadi mwisho lingetosha kupandisha ndoo nzima kwa nyuzi kama 10 endapo lisingepata pa kutokea. Sehemu kubwa hupotea kupitia kuta za ndoo, kwa hiyo unachokikuta kwa kawaida, siku ambazo povu limepanda, ni bia iliyo nyuzi 3 hadi 6 juu ya chumba. Chumba cha nyuzi 24, ambacho mkazi wa Dar atakiita cha baridi, kinaweza kuwa na bia ya nyuzi 29.

Bandika kihisi cha kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, kisha kifunike kwa sponji iliyokunjwa ili kisisome hewa ya nje. Soma alfajiri, soma jioni, andika. Ukiwa na karatasi hiyo, nusu ya maswali yaliyo hapa chini utayajibu mwenyewe.

Jambo jingine la kushika: siku tatu za mwanzo ndizo zinazoamua ladha. Hamira inapozaliana ndipo inapotengeneza vitu vingi vya harufu, na kadiri joto lilivyo juu wakati huo ndivyo inavyovitengeneza kwa wingi. Baada ya hapo joto halina madhara makubwa, na mwishoni linasaidia. Watu wengi hufanya kinyume: wanaiacha ndoo ipate joto siku ya kwanza, kisha siku ya tano wanashtuka na kuimwagia barafu.

Saa 24 zimepita, ndoo imenyamaza

Usitie hamira nyingine bado. Fungua kifuniko uangalie. Ukikuta povu, au mduara wa uchafu wa kahawia uliobaki ukutani juu ya bia, kazi inaendelea na gesi inatokea pembeni ya kifuniko. Ndoo za plastiki zinavuja sana, na kizibo cha hewa, kile chenye maji kinachobubujika, hakina habari na gesi iliyopita kando yake.

Ikiwa juu ni shwari kabisa, angalia joto la siku ulipotia hamira. Pwani kosa la kawaida ni kuitia ikiwa maji ya kimea, yaani maji matamu ya shayiri kabla ya kuchachuka, bado ni ya moto. Maji ya bomba huja na nyuzi 28 au zaidi, kwa hiyo hata ukipitisha sufuria yako kwenye mrija wa shaba wa kupoozea, hutashuka chini ya nyuzi 30. Mtu anachoka, usiku umekuwa mwingi, anamwaga hamira kwenye nyuzi 38 na kwenda kulala. Hamira kavu huvumilia nyuzi 30 hadi 35 kwa dakika chache za kuloweshwa, lakini kuanza kazi kwenye joto hilo ni habari nyingine, na ukipita 40 nyingi zinakufa.

Dawa ni subira ya usiku mmoja. Mimina maji ya kimea yangali ya moto sana kwenye dumu gumu la plastiki la chakula, lililosafishwa vizuri na lisiloogopa moto, lifunge, uligeuze ili moto uguse na sehemu ya juu, kisha uliache lipoe. Waaustralia wameifanya njia hii kuwa ya kawaida kwa sababu ya uhaba wa maji. Asubuhi liweke kwenye friji, na jioni tia hamira kwenye nyuzi 18. Usilizidishie dumu lisilo na hamira zaidi ya siku moja au mbili. Maji matamu yaliyofungwa bila hewa kwenye joto si kitu cha kuchezea.

Milimani sababu ni baridi. Ndoo iliyoachwa kwenye sakafu ya saruji Njombe mwezi Juni inaweza kuamkia nyuzi 12, na hamira nyingi za ale, bia inayochachushwa karibu na nyuzi 20, hulala hapo. Ipandishe hadi 19 usubiri saa 12 nyingine.

Sababu ya tatu ni pakiti yenyewe. Hamira hutoka ng'ambo, hupita bandarini, hukaa ghalani kwenye joto, kisha dukani. Tarehe iliyoandikwa haielezi safari hiyo. Kama una shaka, chukua maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi nyuzi 30, kikombe kimoja, tia kijiko cha sukari na chembe chache za hamira. Nusu saa ikipita bila dalili ya povu, usiiamini. Saa 48 zikitimia bila kitu ndooni, tia pakiti mpya bila kuuliza, kwa sababu bakteria hawangojei mtu.

Povu limefurika hadi sakafuni

Hii ni furaha iliyochanganyika na hatari. Ndoo imejazwa mno, au bia imepata joto, au vyote viwili. Acha nafasi ya robo ya ndoo juu. Povu likishaingia kwenye kizibo cha hewa, kitoe, weka mpira mpana ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji, na upunguze joto. Kizibo kilichoziba kwa mabaki ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hufanya kifuniko kiruke, na kusugua dari si kazi ya dakika mbili. Bia yenyewe haijaharibika.

Harufu ya ndizi mbivu, dawa ya kufutia rangi ya kucha, au koo kuungua

Hapa ndipo pwani inapolia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Harufu ya ndizi hutokana na esta, kemikali ya harufu, iitwayo isoamili asetati. Ikiwa ulipika bia ya ngano ya Bavaria kwa hamira yake, ndizi na karafuu ndizo ulizozitafuta, na huna tatizo. Ikiwa ulitaka bia safi ya rangi ya dhahabu, basi bia ilipita nyuzi 24 au 25 katika siku ya kwanza na ya pili. Harufu ya dawa ya kucha, yaani ethili asetati nyingi, ni hatua ya mbele zaidi ya njia hiyohiyo, ingawa hamira za porini zilizoingia nazo huileta. Kuungua kooni, kama umekunywa kitu kikali kuliko asilimia 5, ni alkoholi nzito zinazotengenezwa hamira inapokimbizwa na joto. Ndizo pia zinazolaumiwa kwa kichwa cha asubuhi. Methanoli inayopofusha watu kwenye pombe kali za magendo ni mambo mengine. Ndoo ya shayiri iliyopata joto haiitengenezi kwa kiasi hicho.

Niseme wazi: alkoholi nzito hazipungui kwa kukaa chupani. Ndizi hupungua kidogo, dawa ya kucha haiondoki. Ama kunywa hivyo, ama mwaga, kisha shughulikia ndoo ijayo.

Mbege wa Kilimanjaro huchachuka bila friji, na harufu ya ndizi ndani yake haimkeri mtu. Ndizi ni malighafi, ulezi ni kimea, na pombe hunywewa ingali changa. Busaa nayo huchachuka bila friji na hunywewa changa. Pombe hizo zilijengwa juu ya joto lililopo. Bia ya shayiri ya mtindo wa Ulaya ilijengwa juu ya mapango na majira ya baridi, na ukiitaka hiyo lazima uilipie baridi yake.

Njia ya bei ndogo ni beseni. Isimamishe ndoo kwenye beseni kubwa au pipa lililokatwa, jaza maji hadi yafike nusu ya ndoo au zaidi, na zungusha chupa za maji zilizoganda. Chupa moja ya lita moja na nusu, ikiyeyuka yote, hunyonya joto la kutosha kushusha lita 20 kwa nyuzi kama 6. Lakini beseni nalo lina maji yake ya kupozwa, na chumba hakiachi kurudisha joto, kwa hiyo kwenye ndoo tegemea nyuzi 2 au 3. Kwa Dar mwezi wa Februari, kukaa kwenye nyuzi 20 kunadai chupa mbili asubuhi na mbili jioni, na wakati mwingine ya tano usiku wa manane siku ya pili. Kama friza yako haigandishi chupa nane kwa mzunguko, njia hii itakushinda katikati.

Watu husifu kanga iliyoloa: unaizungusha kwenye ndoo, pindo liko majini, feni inapuliza. Inafanya kazi vizuri sana Dodoma mwezi Septemba, hewa ikiwa kavu. Hushusha nyuzi 5 au zaidi bila barafu. Mombasa mwezi wa Aprili haisaidii kitu cha maana, kwa sababu hewa imeshashiba maji na kanga haikauki. Usipoteze umeme wa feni. Kama nguo unazoanika nje zinachukua kutwa nzima kukauka, jibu unalo.

Njia ya kudumu ni friza ya mtumba yenye mlango wa juu pamoja na kidhibiti joto cha nje, kile unachochomeka ukutani kisha friza ikachomekwa kwake. Makosa mawili hujirudia. La kwanza, kihisi kinaning'inizwa hewani ndani ya friza, hewa inapoa haraka, friza inazima, bia bado ina nyuzi 27. Kihisi kibandikwe kwenye ndoo. La pili, mtu anaweka tofauti kati ya kuwaka na kuzima ya nyuzi 0.3 akidhani anakuwa makini, na kompresa inawaka na kuzima kila mara hadi inaungua. Weka tofauti ya nyuzi 1 na ucheleweshaji wa dakika chache. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Ndoo ya lita 20 ndani ya friza iliyofungwa hupanda polepole, na saa nne za giza baada ya siku ya nne hazina madhara. Zikitokea siku ya kwanza, ndiyo sababu ya kuwa na chupa mbili za barafu pembeni.

Njia ya tatu ni kubadili hamira badala ya chumba, na kwa mtu wa pwani asiye na friza ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Wakulima wa magharibi mwa Norway walihifadhi kwa vizazi hamira ziitwazo kveik, na walizitia kwenye maji ya kimea ya nyuzi 30 hadi 40. Aina ya Voss sasa inauzwa ikiwa kavu, na kwenye nyuzi 35 humaliza kazi kwa siku mbili hadi nne, ikiacha harufu nyepesi ya machungwa. Joto linalomuumiza mwenzake ndilo linaloistarehesha. Hizi zinataka maji ya kimea yenye lishe, kwa hiyo bia nyepesi sana yenye sukari nyingi ya mezani huzikwamisha. Hamira za saisoni, za wakulima wa Ubelgiji, nazo hupenda nyuzi 28 na zaidi, lakini nyingi zina tabia nitakayoitaja kwenye suala la chupa.

Na lager? Hamira yake halisi inataka nyuzi 8 hadi 13 kwa wiki mbili, kisha wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri. Bila friza, Dar, sahau. Aina ya W-34/70 ina uvumilivu, na wapishi wengi huichachusha kwenye nyuzi 18 wakapata bia safi, ila 18 nayo haitakuja yenyewe.

Siagi, bisi, au tufaha la kijani

Hapa sasa lawama zinahama kutoka kwenye joto na kwenda kwenye haraka.

Ladha ya siagi na utelezi ulimini ni daiasetili. Kila hamira huitengeneza, na kila hamira yenye afya huila tena mwishoni, ikiwa imeachwa kwenye joto la kutosha na haijatenganishwa na bia. Ladha ya tufaha la kijani, au ya boga bichi kama huna kumbukumbu ya tufaha, ni asetaldehaidi, kituo kimoja kabla ya kilevi. Zote mbili ni kazi iliyokatizwa: uliipoza bia siku ya tano, uliihamisha mapema, au ulitia hamira chache mno.

Utatuzi ni kuipandishia bia joto inapokaribia kumaliza. Uzito ukishuka hadi 1.015 au hivi, acha ndoo ipande yenyewe hadi nyuzi 21 au 22 na ikae hapo siku tatu. Kwa lager panda kutoka 12 hadi 18. Wakati huo ladha za ndizi hazitengenezwi tena kwa kiasi cha kukutisha, sukari imekwisha.

Usitegemee pua yako kwenye bia ya baridi. Malighafi ya daiasetili haina harufu. Hugeuka baadaye chupani, wiki mbili baada ya wewe kujipongeza. Chukua glasi mbili za bia kutoka kwenye ndoo, zifunike. Moja iweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20, kisha uipoze ifanane na mwenzake. Nusa zote. Ile iliyopashwa moto ikinuka siagi, ipe ndoo siku mbili au tatu zaidi, kisha rudia kipimo. Ni kipimo kinachotumika kwenye viwanda pia, na hakigharimu kitu.

Siagi ikishaambatana na uchachu wa maziwa yaliyoganda, hiyo si hamira. Ni bakteria, na subira haitasaidia.

Uzito umegota kwenye 1.020

Kabla ya lolote, thibitisha chombo. Haidromita, chombo cha kupimia uzito wa bia, nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Kwenye sampuli ya nyuzi 30 husoma chini kwa 0.002 au 0.003, kwa hiyo 1.010 uliyoisoma mchana wa Dar kwa kweli ni 1.012 au zaidi kidogo. Zungusha haidromita ili mapovu yasiishikilie. Anayetumia refraktomita, kipima sukari kwa mwanga, ana kosa kubwa zaidi: kilevi huidanganya. Bia ya mfano wetu iliyomaliza kabisa itaonyesha Briksi (kipimo cha sukari) 6 hivi, kana kwamba ni 1.024, na mwenyewe ataomboleza bia isiyo na ugonjwa.

Chombo kikiwa sawa, kuna chanzo kimoja kati ya viwili: hamira imechoka, au sukari iliyobaki hailiki. Yatenganishe hivi. Toa kikombe kimoja cha bia, tia hamira nyingi, hata ya mkate, kiweke mahali penye nyuzi 25 hadi 28 kwa siku mbili, ukikitikisa kila upitapo. Uzito wa kikombe ukishuka, ndoo nayo inaweza kushuka. Usiposhuka, ulilowesha kimea kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea badala ya 65 hadi 67, na bia yako imefika mwisho wake. Itakuwa nzito na tamu kidogo. Tia chupani kwa amani.

Hamira ikiwa ndiyo iliyochoka, soma karatasi yako ya joto. Mara nyingi utakuta usiku mmoja umeshuka nyuzi 5. Nyanda za juu kusini tatizo si wastani, ni kupanda na kushuka: mchana chumba kina nyuzi 23, alfajiri 11. Hamira inayoshtuliwa hivyo hujikunyata na kuzama chini. Weka ndoo ndani ya pipa la maji. Lita 60 za maji hazibadiliki joto kwa usiku mmoja kirahisi. Ukitaka kupasha, tumia chupa za maji ya moto ndani ya pipa hilo, au hita ndogo ya samaki wa mapambo iliyowekwa nyuzi 20. Taa ya balbu karibu na chombo cha kioo kinachopitisha mwanga ni mbaya, kwa sababu mwanga huvunja uchungu wa hopsi na kuleta harufu ya kicheche.

Pwani kukwama hutokea kwa waliozidisha barafu. Siku ya kwanza joto 27, wakaogopa, wakatia chupa sita kwa mpigo.

Panda hadi nyuzi 22, zungusha ndoo taratibu ili hamira iinuke bila kuchanganya hewa. Siku tatu bila mabadiliko, tengeneza hamira mpya kwenye nusu lita ya maji ya kimea, ngoja hadi itoe povu la nguvu, ndipo uimwage. Kunyunyiza chembe kavu juu ya bia yenye kilevi cha asilimia 4 na isiyo na hewa ni kuzipeleka kufa.

Harufu nyingine, haraka haraka

Yai viza: salfa. Kawaida kwa lager, hutoka yenyewe na gesi, ipe joto na siku chache. Plasta au dawa ya hospitali: klorini ya maji ya bomba imekutana na kimea; hilo ni la maji, chemsha au tumia kidonge cha metabisulfiti. Karafuu ambayo hukuitaka: hamira ya porini. Siki: bakteria na hewa, mara nyingi kwa sababu kifuniko kimefunguliwa kila siku na mtu anayetaka kuona. Utando mweupe wenye mikunjo juu ya bia: usiiguse, onja ya chini yake, uamue.

Bia inayopozwa haraka hunyonya. Ukishusha ndoo kutoka 22 hadi 4, hewa ndani hujikunja na maji ya kizibo huvutwa ndani ya bia. Yatoe kabla, au weka pombe kali isiyo na ladha humo.

Kizibo bado kinabubujika. Je, nitie chupani?

Kububujika si ushahidi. Ndoo ikipata joto mchana, gesi iliyoyeyuka hutoka hata kama hamira ililala wiki iliyopita. Kalenda nayo si ushahidi. Ale kwenye nyuzi 20 huanza povu ndani ya saa 6 hadi 18, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, humaliza sukari siku ya tano au sita, na husafisha ladha hadi siku ya kumi. Ileile kwenye nyuzi 28 humaliza sukari siku ya tatu. Kwenye 15 inaweza kufika wiki mbili. Mwongozo ulioandikwa na mtu wa Uingereza ukisema siku 14, ameandika kwa ajili ya kabati lake.

Pima uzito mara mbili, kwa siku tatu kati yake, sampuli zikiwa na joto sawa. Zikilingana, na glasi ya moto hainuki siagi, bia imemaliza.

Chupa hazina gesi, au zina gesi ya kutisha

Gesi kidogo baada ya wiki moja Makete ni jambo la kawaida: kwenye nyuzi 14 chupa huhitaji wiki tatu au nne. Zihamishie jikoni karibu na jiko. Dar, kwenye nyuzi 28, wiki moja inatosha, na kuziacha mwezi mzima kwenye joto hilo huleta ladha ya karatasi iliyolowa.

Kuhusu kiasi cha sukari, gramu 4 kwa lita huongeza ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Bia iliyomalizia kwenye nyuzi 20 ina ujazo wa 0.85 hivi tayari, na gramu 6 kwa lita zinaifikisha 2.4 ya kawaida. Iliyomalizia kwenye 30 imebakiwa na kidogo zaidi ya 0.6, kwa hiyo itataka gramu 7. Hesabu kwa joto la juu kabisa bia ililolipata baada ya kumaliza kuchachuka. Ukiipoza hadi nyuzi 2 kisha ukaingiza namba 2 kwenye kikokotoo, utapata sukari pungufu, kwa maana gesi iliyokwisha toka hairudi.

Gesi kupita kiasi ina hatari ya kweli. Chupa ya kioo ikipasuka hurusha vipande. Vyanzo ni vitatu: bia ilitiwa chupani kabla haijamaliza, imeingiliwa na vijidudu, au ulitumia hamira ya saisoni yenye uwezo wa kuendelea kuvunja wanga mrefu ambao nyingine huuacha. Bia za aina hiyo hushuka hadi 1.002 bila kuuliza mtu, kwa hiyo zikisimama 1.012 ngoja wiki nyingine. Ukishafungua chupa moja ikaruka kama chemchemi, zipoze zote haraka, vaa glavu nene na miwani, zifunike kwa gunia zinapohamishwa, kisha zikiwa za baridi kabisa legeza kila kizibo gesi itoke na ufunge upya.

Kwa kila upikaji, jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za kioo, uikamue hewa kabla ya kufunga. Ibonyeze kila jioni. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, kreti nzima iende kwenye friji siku hiyohiyo. Ikiendelea kuwa ngumu kupita hapo, za kioo zisiguswe bila glavu.